Tunamudu, Asante

Jumanne, 10 Oktoba

Ninaliomba radhi daftari hili. Mara ya mwisho niliandika mwezi Machi, sentensi moja kuhusu theluji, kisha nikalitia kwenye droo ya jikoni pamoja na viberiti na mishumaa. Sikuwa mgonjwa, wala sikusafiri. Nilinyamaza kwa sababu kila nilipoketi kuandika, yaliyokuwa tayari kuandikwa yalikuwa malalamiko, nami sikulelewa kulalamika kwa mdomo, seuze kwa wino.

Lakini msaada umekwisha, na yanayokuja nataka yaandikwe kwa mpangilio na mtu aliyeyaona.

Nina umri wa miaka sitini na mitatu. Kwa zaidi ya nusu ya umri huo nilikuwa msahihishaji katika gazeti la mji wetu wa Hathersley, hadi gazeti lilipofungwa. Miaka miwili iliyopita mahakama ilinikabidhi wajukuu wangu watatu, kwa kuwa mama yao, binti yangu Lorna, alishindwa na pombe. Freya ana miaka kumi na miwili, Joel tisa. Edie, aliyeletwa kwangu akiwa mchanga, sasa ana miwili na nusu na bado hajapata nafasi ya chekechea. Kwa hiyo sifanyi kazi, na tunaishi kwa posho ya serikali.

Posho hiyo ina kikomo. Hata kodi ya nyumba ikiwa kubwa kiasi gani, jumla ya inachopata kaya haipiti hapo, kinachozidi hukatwa. Kwetu kinachokatwa ni karibu nusu ya kodi. Nikifika sitini na sita, umri wa pensheni, kikomo hakitanihusu tena. Kabla ya hapo halmashauri ina mfuko mdogo wa kuwasaidia wapangaji waliokatwa namna hii. Si haki ya mtu, ni hiari yao. Hutolewa kwa miezi mitatu, kisha mtu huomba upya. Wetu wa tangu Julai uliisha juzi.

Nikidaiwa miezi miwili, Bw. Hirst mwenye nyumba anaweza kwenda mahakamani kututoa. Na mahakama iliyonipa watoto itataka kujua watoto wanalala wapi. Watoto watatu hawapati nyumba moja ya kulelewa kwa urahisi. Huwagawa.

Nimeandika hilo mara moja. Sitalirudia.

Jumatano, 11 Oktoba

Mvua. Nimepeleka ombi jipya.

Jumatatu, 16 Oktoba

Jirani yetu wa namba kumi na moja, Kerry-Ann Dobbs, ana sauti ambayo haikuumbwa kwa ajili ya nyumba zilizoungana kuta. Leo alisimama kizingitini mwake amevaa gauni la kulalia, saa tano asubuhi, akaniita mtaa mzima ukisikia.

"Mhariri! Na wewe wamekukata?"

"Sikuwa mhariri. Nilikuwa msahihishaji."

"Haya, msahihishaji. Wamekukata au hawajakukata?"

"Mambo yanakwenda, asante."

"Yanakwenda wapi? Yangu mimi yananikimbia!" Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaanza kunihesabia shida zake: mita ya umeme, jino, mume aliyemwacha, mbwa. Nilimwambia nina maji jikoni. Sikuwa na maji jikoni.

Sielewi mtu anavyoweza kuyamwaga mambo ya nyumba yake barabarani kama maji ya kufulia.

Alhamisi, 26 Oktoba

Halmashauri hutaka ushahidi kwamba mtu anatafuta nyumba ya bei nafuu. Kwa hiyo leo nilimbeba Edie kwenda kuona nyumba huko juu, nyuma ya kiwanda cha zamani cha sufu. Tulikuta foleni imekunja kona, watu wote wamelowa. Wakala, kijana mwenye mwavuli mkubwa, alipita akitangaza: "Wanaolipwa posho wanaweza kurudi nyumbani, wasiloe bure."

Watu walicheka. Hakuna aliyeondoka, maana tungeondoka wote.

Zamu yangu ilipofika aliniuliza nina watoto wangapi. Nilimwambia watatu.

"Watatu? Mama, nyumba hii ukipiga chafya chumbani, ukuta wa jikoni unaitika."

Ile nyingine iliyotangazwa, ya bei ambayo tungeiweza, iko kijijini ambako basi la mwisho huondoka saa kumi jioni, na mahakama iliagiza watoto waonane na mama yao hapa mjini Jumamosi, kila baada ya wiki mbili. Nimeandika anwani zote mbili kwa ajili ya halmashauri.

Ijumaa, 3 Novemba

Ukungu mweusi wa unyevu umetokea ukutani nyuma ya kabati la Joel. Nimeusugua.

Jumapili, 5 Novemba

Umerudi.

Jumatatu, 13 Novemba

Simu kutoka halmashauri, kuhusu ombi langu.

"Bi. Sugden? Ni Gareth. Gareth Pollitt. Yule uliyekuwa ukimrudishia habari zake zikiwa nyekundu tupu."

Nilimkumbuka. Alikuja gazetini akiwa kijana, akakaa mwaka mmoja na nusu. "Ulikuwa huwezi kuandika jina la meya mara mbili kwa namna moja."

"Meya mwenyewe hakuwa na uhakika!" Alicheka, nami nilikaribia kucheka. Kisha sauti yake ikawa ya kazi. "Sasa, Bi. Sugden, nina maswali machache. Mnaendeleaje na kodi?"

"Tunamudu, asante."

"Umeme je? Chakula?"

"Hatujalala njaa."

Wakati huo Joel alikuwa akikohoa juu, kile kikohozi chake kikavu, na Edie alikuwa amening'inia kwenye sketi yangu. Niliziba simu kwa kiganja.

"Kuna jambo lolote la ziada ungependa niliandike?"

"Hapana, asante. Umekuwa mwema sana."

Alikaa kimya kidogo, kisha akaniaga. Nilipokata simu nilijiona nimejiheshimu. Maneno yalikuwa machache na yalitosha.

Jumamosi, 18 Novemba

Lorna hakuja kwenye kituo cha kuonana na watoto. Tulisubiri mpaka msimamizi akaanza kupanga viti. Freya alisema, "Labda basi limechelewa." Mabasi yalikuja manne.

Jumanne, 28 Novemba

Mvua siku ya sita. Maktaba ina joto. Baada ya shule tunakaa humo mpaka wafunge. Nimewaambia watoto ni kwa ajili ya vitabu.

Jumatano, 6 Desemba

Wamekataa.

Barua ni fupi. Inasema mfuko una fedha kidogo na hutolewa kwa kaya zilizo katika dhiki, na kwamba kwa maelezo yangu mwenyewe niliyotoa kwa simu, kaya yangu inamudu.

Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya: nilipiga simu ofisini kwa hasira.

"Gareth, umeandika nini kunihusu?"

"Ulichosema, Bi. Sugden."

"Ulijua hali yetu. Ulisikia mtoto akikohoa."

"Nilimsikia." Alivuta pumzi. "Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kazi ya kuandika. Andika alichosema mtu, si ulichodhani alitaka kusema. Ulinifanya niandike upya habari ya mafuriko yote kwa sababu hiyo. Nilikuuliza mara tatu. Mara ya tatu nilikaa kimya makusudi, nikikusubiri."

Niliikunja barua, nikairudisha kwenye bahasha.

Aliniambia ninaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya, na kwamba atakayeuangalia ni mtu mwingine, si yeye. "Na tafadhali," akasema, "safari hii lalamika." Alilitamka neno hilo kwa upole, kama mtu anayemwomba mgonjwa afumbue mdomo.

Lazima niliandike hili kwa haki. Hapa kwetu mtu aliyevunjika mguu akiulizwa hali husema hajambo. Baba yangu alimwambia muuguzi kwamba hajambo asubuhi ya siku aliyofariki, na muuguzi akatwambia ni mgonjwa bora kuliko wote wodini. Tulijivunia hilo, tulilitaja hata mazishini. Yaani sikumdanganya Gareth. Nilimjibu kama ambavyo ningemjibu mtu yeyote anayepita barabarani. Lakini yeye hakuwa akipita barabarani. Alikuwa ameshika kalamu.

Ijumaa, 8 Desemba

Nimejaribu kuandika barua ya kuomba uamuzi uangaliwe upya. Rasimu ya kwanza ilianza kwa kuwashukuru. Ya pili ilisema natambua kuna wenye shida kunizidi. Ya tatu ilikuwa nzuri sana, ningeweza kuichapisha. Haikuwa na kosa hata moja, wala haikuwa na kitu ndani yake. Sijaituma.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Kuku badala ya bata mzinga. Edie aliipenda karatasi kuliko zawadi. Hita ya juu hatukuwasha.

Jumanne, 2 Januari

Sasa tunalala wote chumba cha mbele, kwa sababu ndicho kikavu. Joel anauita kambi. Nimemwacha auite hivyo.

Jumanne, 9 Januari

Bw. Hirst alikuja mwenyewe. Alivua kofia, akaniletea kipande cha keki kutoka kwa mkewe, kisha akasimama mkekani akidondosha maji.

"Bi. Sugden, mimi si mtu mbaya."

"Sijasema hivyo, Bw. Hirst."

"Najua hujasema. Ungesema ningejisikia nafuu." Aliigeuza kofia mikononi. "Lakini mimi nami nina mkopo wa nyumba hii, na benki haili keki. Desemba hukumaliza, na Januari ndiyo hii. Ikifika tarehe mosi Machi hujalipa, nitapeleka karatasi mahakamani. Nimekuja kukuambia usoni."

Nilimshukuru kwa kuniambia usoni. Alipofika mlangoni akageuka: "Lakini nyinyi wenyewe hamjambo, siyo? Watoto?"

"Tunamudu."

Mabega yake yalishuka. Alitabasamu, akavaa kofia, akaondoka akiwa mwepesi kuliko alivyokuja. Nilisimama nikimtazama kupitia pazia. Jibu langu lilikuwa limemfaa sana. Lilikuwa limemfaa kila mtu aliyewahi kuniuliza.

Edie amekula keki yote.

Jumapili, 14 Januari

Barafu kwa ndani ya dirisha.

Ijumaa, 19 Januari

Saa nne asubuhi muuguzi wa shule ya Freya alipiga simu. Nije, si dharura, lakini nije. Edie alikuwa amelala. Nilitoka barabarani na kusimama hapo kama mpumbavu, nisijue nimwache na nani, na Kerry-Ann akafungua dirisha la juu.

"Mhariri! Kuna nini? Uso umekuwa mweupe kama unga!"

"Hakuna kitu. Ni Freya tu. Shuleni wananiita."

"Basi huyo mdogo nipe, nenda! Unangoja nini, kadi ya mwaliko?"

Nilimkabidhi. Nilikwenda kwa miguu, kwa sababu basi lilikuwa limepita.

Freya alikuwa amekaa kitandani katika chumba cha muuguzi, miguu imo ndani ya beseni. Mwalimu wa michezo ndiye aliyegundua: mtoto alikuwa akitembea kwa pembeni mwa nyayo. Viatu vyake ni vile vya mwaka juzi. Vidole vilikuwa vimekunjwa humo ndani tangu shule zilipofunguliwa. Ukucha mmoja umetoka, mwingine umekuwa mweusi, na soksi ilikuwa imeganda damu mpaka wakalazimika kuilowesha ili ivulike.

Kila asubuhi, mlangoni, nilikuwa nikimwuliza, "Viatu vinakutosha?" Na kila asubuhi alinijibu, "Vinatosha, Bibi, asante."

Muuguzi, mwanamke mnene mwenye huruma, alinishika mkono. "Nimemwuliza imekuwa hivi tangu lini. Ananiambia yuko sawa, asante. Mguu uko hivi, bado ananishukuru! Heshima iliyoje. Umemlea vizuri, Bi. Sugden."

Nilichukua taulo, nikainama mbele ya beseni.

Tulirudi kwa teksi ambayo shule iliilipia. Njiani nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa akitazama nje.

"Na wewe husemi," alisema. "Kila jioni unasema umekula maktaba. Maktaba hakuna chakula, Bibi. Kuna mashine ya kahawa, tena imeharibika."

Nilitaka kumwambia kwamba mtu mzima ni tofauti. Nililianza neno, nikaliacha.

Kerry-Ann alikuwa akitungoja nje na Edie kiunoni. Aliitazama miguu ya Freya, imefungwa bandeji, haina viatu. Hakuuliza. Aligeukia barabara, akapaza sauti.

"Nani ana viatu vya msichana? Freya, unavaa namba ngapi? Namba tano! Sandra, wako si alikuwa namba tano? Fungua mlango, nakuona!"

Mtaa mzima ulisikia. Milango ikafunguliwa. Kabla ya chai ya jioni kulikuwa na jozi tatu kwenye ngazi yetu, jozi moja ni buti nzuri karibu mpya. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Freya alikaa kwenye ngazi ya chini akavijaribu kimoja kimoja, polepole, juu ya bandeji, naye hakuona aibu yoyote. Aibu ilikuwa yangu peke yangu, na viatu havikuwa vyangu.

Nilimpa Kerry-Ann chai. Tangu nihamie hapa hajawahi kuingia ndani. Alikitazama chumba cha mbele, magodoro manne yamepangwa. Akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mungu wangu, Hilary," na lilikuwa jina langu, si Mhariri.

Jumatatu, 22 Januari

Barua imetumwa. Ina sentensi mbili. Hatumudu. Naomba nisikilizwe ana kwa ana.

Alhamisi, 1 Februari

Wamejibu. Jumatano ijayo, saa tatu na nusu. Kerry-Ann anasema atakuja. Nilimwambia hakuna haja. Akasema, "Ndiyo maana nakuja."

Jumatano, 7 Februari

Ofisa anaitwa Bi. Rukhsana Mirza. Ni kijana, umri wa Lorna, ana mafua. Chumba ni kidogo na dirisha halifunguki. Kerry-Ann alikaa kando yangu na Edie mapajani, akampa funguo achezee.

"Karibu, Bi. Sugden. Hujambo?"

"Sijambo, asante. Tunaendelea vizuri," nilisema.

Lilinitoka lenyewe. Bi. Mirza aliinamisha kichwa na kalamu ikagusa karatasi. Nilimwona Kerry-Ann amefumba macho.

"Samahani," nikasema. "Tafadhali futa hilo. Si kweli."

Aliinua uso. "Nimefuta. Niambie iliyo kweli."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na karatasi yenye vichwa vya habari. Sikuisoma. Nilianza na viatu, nikarudi kwenye ukungu, nikaruka kwenye kifua cha Joel na dawa yake ya kuvuta, ambayo sasa anaimaliza kabla ya mwezi kwisha. Nikasema sijala chakula cha jioni tangu Novemba, ila siku za Jumapili. Nikasema tunalala wanne chumba kimoja. Sentensi nyingine sikuzimaliza. Nyingine nilizianza katikati. Nilisikia sauti yangu ikipanda, na mtu wa nje angeweza kuisikia, nami sikuishusha. Nikasema watoto hawa wakitenganishwa Edie hatamkumbuka kaka yake. Hapo nikanyamaza, kwa kuwa hilo nilikuwa nimeahidi kutolirudia.

"Haya," Kerry-Ann alinong'ona. "Haya, mama."

Bi. Mirza alipenga kamasi. Alikuwa akiandika muda wote. Aliniomba nirudie la muuguzi. Akauliza kama nimejaribu kuhama. Nikamtajia nyumba zote, na Kerry-Ann akamweleza habari ya wakala na mwavuli, ingawa hakuwepo, kwa chumvi nyingi sana, nami sikumsahihisha.

Kisha akauliza swali ambalo nililiogopa.

"Tukikupa miezi mitatu, Bi. Sugden, kodi itabaki vilevile na kikomo kitabaki vilevile. Baada ya hiyo mitatu?"

"Baada ya hiyo nitarudi kukaa kwenye kiti hiki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mdogo apate chekechea nami nipate kazi, au mpaka nifike sitini na sita. Lolote litakalotangulia."

Hakucheka. Aliniambia ukweli pia, nami namshukuru: mwaka wa fedha unaisha Machi, mfuko umebaki mdogo, na maombi yaliyo mezani yanauzidi mara kadhaa. "Ninakuamini. Ningetaka kuamini kwangu kutoshe. Utapata uamuzi kwa barua ndani ya wiki tatu."

Mwaka huu Februari ina siku ishirini na tisa, kwa hiyo wiki tatu zinaishia siku mbili kabla ya tarehe ya Bw. Hirst.

Nje mvua ilikuwa ileile. Kerry-Ann alinishika mkono kuvuka barabara kana kwamba mimi ni kikongwe. Nilimwacha.

Ijumaa, 9 Februari

Viazi na soseji. Nilipakua sahani nne badala ya tatu, nikaketi, nikala. Freya alinitazama tangu tonge la kwanza mpaka la mwisho, kama polisi.

Kisha niliwaambia. Niliwaeleza kikomo, msaada, Bw. Hirst, tarehe mosi Machi. Nilitumia maneno mepesi lakini sikuficha hata moja. Edie aliendelea kuponda viazi kwa kijiko.

"Wakikataa tutakwenda wapi?" Joel aliuliza.

"Sijui."

Freya akaweka uma chini. Nadhani hajawahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu.

"Lakini tutakuwa pamoja?" akauliza Joel.

"Hilo nitalipigania mpaka mwisho. Lakini kama nitashinda, hilo nalo silijui."

Nilingoja kilio. Nilikuwa na leso tayari mfukoni, mbili. Joel alitafakari, akamfuta Edie viazi mashavuni, akasema, "Basi tungoje wote."

Hivyo ndivyo tulivyo. Mlango hauonekani upande wowote, na dirisha limefunikwa mvuke wa sufuria. Uamuzi utakapofika nitauandika hapa siku hiyohiyo, kama ulivyo. Sitaifungua bahasha mpaka watoto watoke shule, na barua itasomwa kwa sauti mezani, nasi sote wanne tumekaa.